Washenga wa Wasan

Ukitaka kumwona Ghusun, usiende chumbani kwake, maana hutamkuta. Utakuta viti vilivyovunjika miguu, mapazia ya sherehe ya mwaka juzi, ramani ya dunia iliyoliwa na panya, na mtungi wa gesi ambao Mama Sakhr, mpika chai wetu, ameapa kwamba hauna pengine pa kukaa. Katikati ya takataka hizo kuna meza ya nusu duara na viti vidogo vya watoto. Hicho ndicho chumba cha msaada. Kimeandikwa hivyo mlangoni kwa rangi ya kijani, na huko Amman wakubwa wanaamini kwamba ndani yake, kila asubuhi, watoto wanaoshindwa kusoma wanafundishwa mmoja mmoja na mwalimu aliyesomea kazi hiyo.

Mwalimu aliyesomea kazi hiyo yuko ghorofani, analinda darasa la sita kwa sababu mwalimu wa dini amepatwa na mafua.

Nasema kwa hasira kwa sababu hasira ninayo. Mimi naitwa Rudaina, nafundisha darasa la tatu katika shule hii ya wasichana, huku milimani Ajlun, ambako baridi huanza mapema na walimu huugua mapema zaidi. Akikosekana mwalimu yeyote, mkuu wa shule, Bi Wijdan, hatazami ratiba. Anafungua mlango wa ofisi na kuita, "Ghusun, nishikie darasa." Kwa hesabu zake, mwalimu wa chumba cha msaada ana watoto wachache, na wachache si darasa, kwa hiyo hana kazi. Niliwahi kumweleza kwamba daktari mwenye mgonjwa mmoja mezani huwezi kumwambia hana kazi. Alinijibu kwamba mfano wangu ni mzuri, kisha akamwita Ghusun akashike darasa la tano.

Na anayenichosha zaidi ni Ghusun mwenyewe. Hakasiriki. Anasema "sawa", anavaa koti lake la kahawia, anapanda ngazi. Watoto aliokuwa awafundishe wanarudi darasani kwangu na penseli zao mkononi, wananiambia mwalimu hayupo, na mimi ndiye ninayebaki na moto kifuani. Nikimwambia ajifunze kukataa, ananitazama kupitia miwani yake iliyogandishwa kwa gundi na kuniuliza kama nimemaliza kula zeituni zangu, maana anataka kokwa.

Kokwa ni habari nyingine. Asubuhi walimu hula pamoja, mkate na majani makavu ya zaatari na mafuta na zeituni, na Ghusun hupita na kopo akikusanya kokwa kwenye sahani za watu wazima. Anaziosha, anazikausha kwenye bati la jiko la mafuta ya taa, na chumba kizima kinanuka. Wenzangu husema anajiandalia shamba. Lakini kokwa hizo ndizo nukta zake. Maandishi yetu ya Kiarabu yanaishi kwa nukta. Chukua neno bint, yaani binti. Herufi zake tatu zina mwili mmoja. Nukta moja chini ni ba, moja juu ni nun, mbili juu ni ta. Ghusun huchora miili ya herufi kwa kidole kwenye sinia la unga, halafu mtoto anapanga kokwa mwenyewe, juu au chini, polepole, mpaka mkono wake umezoea.

Sasa nije kwa Wasan, kwa sababu bila Wasan nisingekuwa na la kusimulia.

Wasan alikuwa mwanafunzi wangu, mdogo wa umbo, mwenye ulimi mwepesi na nywele zisizokaa kwenye kibanio. Kwa mazungumzo hakuna aliyemshinda. Aliweza kukueleza ugomvi wa majirani wa mtaa mzima na ukajua nani mwenye kosa. Ila ukimpa kitabu, ghafla anataka kufuta ubao. Au kalamu imedondoka. Au chooni. Nilimwita mvivu, nikamsimamisha pembeni, nikamwandikia mamake. Siku moja nilimshika bega nikamuuliza anaona nini hasa pale kwenye ukurasa. Akaniambia nukta zinaruka kama viroboto, na akisubiri zitulie, mimi huwa nimeshamwita mwenzake.

Nikampeleka kwa Ghusun ampime. Kwa bahati, siku ile walimu wote walikuwa wazima. Mtoto alikaa na sinia kwa kipindi kimoja tu. Nilipokwenda kumchukua alikuwa ameandika bint, kokwa zote mahali pake, na alikuwa akiisoma kwa sauti, anaivuruga, anaipanga tena, anaisoma tena, huku akicheka peke yake. Sikuwahi kumwona mtoto yule akicheka mbele ya neno. Ghusun aliniambia wazi kwamba akimpata mwaka huu, Wasan atasoma. Asipompata, mwakani ni darasa la nne, vitabu vinanenepa, hakuna tena anayefundisha herufi, na mtoto ataanza kujificha. Mwezi wa kumi na moja ukiisha, majina ya chumba hufungwa mpaka mwaka mwingine. Kilichohitajika ni kitu kimoja, ridhaa ya nyumbani.

Hapo ndipo tulipokwama.

Baba yake Wasan yuko nchi za Ghuba, anaendesha magari ya mizigo. Nyumba iko mikononi mwa bibi mzaa baba, Hajjat Fidda, mwanamke ambaye akikohoa mtaa unanyamaza. Ghusun alikwenda kwake akapewa chai ya majani ya maramia na biskuti, akasikilizwa mpaka mwisho, akaambiwa hapana. Akaenda tena. Chai, biskuti, hapana. Mara ya tatu akarudi na mfuko wa limau za uani kwao Hajjat, na hapana ile ile.

Sababu haikuwa Wasan, ilikuwa Shuruq, dada yake mkubwa. Shuruq alikuwa ametajiwa ndoa na Ghaith, kijana wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, fundi wa umeme, mtulivu, mwenye mama anayeheshimika. Kina mama wa pande mbili walikuwa wameshaelewana kimyakimya. Yalibaki mavuno ya zeituni yamalizike, wazee wa upande wa kijana waje rasmi, kahawa inyweke. Hajjat Fidda alimwambia Ghusun bila kupindisha: wakwe wakisikia kuna mtoto wa nyumba hii anapelekwa kwenye chumba cha vichwa vizito, watajiuliza na huyu mkubwa atazaa watoto gani. Shuruq atabaki ndani. Wasan akue kwanza, zitatulia zenyewe hizo nukta.

Ghusun aliponisimulia hayo, nilirusha chaki. Nikamwambia bibi kizee huyo anamzika mtoto mmoja ili amuoze mwingine. Ghusun akasema si kweli, anawapenda wote wawili, ila amepima akaona mmoja hasara yake inaonekana na mwingine haionekani. Unaona ninavyoteseka? Hata nikimkasirikia mtu kwa niaba yake, ananinyang'anya.

Siku zikayoyoma. Mafua yakaenea, Ghusun akashinda ghorofani, Wasan akashinda akifuta ubao wangu. Kisha asubuhi moja, tukiwa kwenye mkate, Ghusun akaweka kopo la kokwa mezani na kusema anataka kupeleka jaha kwa Hajjat Fidda.

Mama Sakhr alicheka mpaka akashika ukuta. Jaha ni ule ujumbe wa washenga, watu wazima wenye heshima zao wanaokwenda kuomba jambo kubwa, mara nyingi mke, mara nyingine msamaha wa damu. Mwenyeji huwamiminia kahawa chungu. Hawainywi. Mkubwa wao anaweka kikombe chini mbele yake na kusema wana haja, na hawaigusi kahawa mpaka haja itimizwe. Mwenyeji akikubali anasema kunyweni kahawa yenu, na neno hilo halirudi nyuma. Asipokubali, kahawa inapoa mbele ya wageni, na kwetu sisi kahawa kupoa mbele ya wageni ni aibu inayosimuliwa mpaka kwa wajukuu. Lakini jaha ni ya wanaume. Hakuna aliyewahi kusikia jaha ya walimu wa kike, tena kwa ajili ya alfabeti.

Bi Wijdan alisema shule haiwezi kujiingiza katika mambo ya namna hiyo. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikamsikia Ghusun akimdai mtu kitu.

"Bi mkubwa," alisema, "tangu shule ifunguliwe nakushikia madarasa. Sijawahi kukuuliza. Na wewe nishikie mimi, jioni moja tu."

Mkuu wa shule alitazama kikombe chake, akatutazama sisi, akauliza atavaa nini.

Tukaenda Alhamisi baada ya masomo, wanne: Bi Wijdan kwa cheo chake, Mama Sakhr kwa sababu alikataa kuachwa, mimi, na Ghusun na koti lake. Mama Sakhr alivaa kanzu ya tarizi nyekundu aliyoitunza kwa ajili ya arusi, na nilimwambia atatuharibia kwa kuonekana amekuja kucheza. Akanijibu kwamba mtu haendi kwenye jaha na nguo ya kupikia chai. Mtaani kila mtu alikuwa kwenye zeituni. Nje ya kila mlango kulikuwa na wanawake na makarai, wanaziponda kwa mawe tayari kwa chumvi, na kila jiwe lilinyamaza tulipopita.

Hajjat Fidda alitupokea kwa mabusu na wasiwasi. Tulikaa kwenye magodoro ya sebuleni. Mama yake Wasan, mwanamke mpole anayeitwa Mama Yazan kwa jina la mwanawe wa kiume, alisimama kwenye mlango wa jikoni, hakuja ndani wala hakutoka. Wasan mwenyewe alijibanza nyuma ya sketi ya mama yake, jicho moja nje. Kahawa ikaja, yenye iliki, Hajjat akamimina kwa mkono wake mwenyewe. Bi Wijdan akapokea kikombe, akakiweka chini. Sote tukaweka chini.

Hajjat aliviangalia vikombe vile kama mtu aliyeona nyoka kwenye zulia lake.

"Mnafanya nini?" aliuliza.

Bi Wijdan akaanza hotuba. Alimshukuru Mungu, akaisifu nyumba, akaingia kwenye elimu kwa jumla na juhudi za Wizara, na nilipoona anakaribia ujenzi wa vyoo vipya nikamkanyaga mguu. Akamaliza haraka kwamba tuna haja.

"Haja gani? Shuruq ameshatajiwa mtu, mnajua."

"Hatukuja kwa Shuruq," Ghusun alisema. "Tumekuja kuomba mkono wa Wasan."

"Wasan ana miaka minane, binti yangu. Umerukwa na akili?"

"Mkono tu, Hajjat. Huo wa kulia. Nauhitaji kwa kupanga kokwa."

Mama Sakhr akafunika mdomo kwa mtandio. Hajjat Fidda hakucheka. Alisema tumemvamia, tumechukua kitu cha watu wazima tukakifanya mchezo wa watoto, na kama marehemu mumewe angekuwepo tungetoka kwa dirisha. Ghusun akasema sawa. Hajjat akasema Wasan ana akili kuliko sisi wote wanne. Ghusun akasema ndiyo, ndiyo maana. Hajjat akasema atajifunza mwenyewe akikua. Hapo mimi nikashindwa kujizuia, nikamwambia tangu shule ifunguliwe namwangalia mjukuu wake akifuta ubao usio na kitu, na mtoto anayefuta ubao mtupu ili asiitwe kusoma ameshaanza kukua, ila anakua upande mbaya.

Kahawa ikaacha kutoa moshi. Hajjat akavikusanya vikombe, akamwaga, akamimina vingine vya moto. Tukaviweka chini vilevile. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, na nikachukia kumwonea huruma, maana nilikuja kugombana.

"Ninyi mtarudi kwenu," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Mimi nitabaki na mtaa. Mnajua maneno ya mtaa? Mama Ghaith mtu mzuri, lakini ni mama. Atamtakia mwanawe damu safi. Kila mama anataka hivyo. Nimwambie nini Shuruq?"

Aliyejibu ni Mama Yazan, kutoka mlangoni. Katika nyumba ile sikuwahi kumsikia akisema neno mbele ya mkwe wake.

"Mama," alisema, "kahawa inapoa."

Ni hilo tu. Lakini Hajjat Fidda aligeuka akamtazama kwa muda mrefu, na mkwewe hakuinamisha macho. Bibi akavuta pumzi.

"Asijue mtu," alisema. "Si jirani, si mwalimu mwingine, si mwanafunzi. Anaingia kimya, anatoka kimya, mpaka Shuruq aolewe. Mnaniahidi?"

Tukaahidi, mmoja baada ya mwingine, Mama Sakhr kwa sauti kuliko wote.

"Basi. Kunyweni kahawa yenu."

Na Mama Sakhr akapiga kigelegele.

Sitaki kumtetea. Alilia baadaye, akasema mdomo ulimtangulia, kwamba tangu azaliwe hajawahi kusikia maneno kunyweni kahawa yenu bila kigelegele kufuata, na kwamba ilikuwa imeshatoka kabla hajajua. Nami namwamini. Lakini kilikuwa kigelegele cha arusi, kirefu, cha mapafu yaliyozoea kumwita mlinzi kutoka upande wa pili wa uwanja, na dirisha lilikuwa wazi.

Nje, mawe yote yakanyamaza kwa pamoja. Halafu ng'ambo ya barabara kigelegele kingine kikajibu, kisha kingine, maana hapa kwetu mtu akisikia furaha anaitikia kwanza, kuuliza ni baadaye. Hajjat Fidda alikuwa amekauka, mkono na kifuniko cha buli hewani. Kabla hata hajakiweka chini, mlango ulisukumwa.

Alikuwa Mama Ghaith. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa maji ya zeituni, na jiwe la kupondea alikuwa nalo bado. Aliangalia vikombe. Akaangalia tarizi ya Mama Sakhr. Akamwangalia mkuu wa shule, ambaye ana mtoto wa kiume asiyeoa, jambo linalojulikana wilaya nzima. Nikaona hesabu inavyofanyika usoni mwake, na nikajua jibu alilolipata.

"Hajjat," alisema taratibu. "Mmempa nani Shuruq?"

"Hakuna aliyepewa."

"Vikombe naviona. Kigelegele nimekisikia kwa masikio yangu. Mimi mwanangu anangoja zeituni ziishe, kwa heshima yenu, na ninyi mnaleta jaha ya mlango wa nyuma?"

Shuruq alikuwa ameshatoka chumbani, mweupe kama unga, anamtazama bibi yake aseme neno. Na Hajjat Fidda hakuweza kusema. Akisema ukweli, siri aliyotuapisha muda uleule ndiyo inakufa, na posa huenda ikafa nayo. Akinyamaza, posa inakufa kwa hakika. Bi Wijdan alianza kusema kwamba ni ziara ya kawaida ya kiofisi, na hata mimi nisingemwamini. Niliomba Mungu ardhi ipasuke immeze Mama Sakhr.

Wasan ndiye aliyetoka nyuma ya sketi.

"Wamekuja kuniomba mimi," alisema. "Niende kwa Mwalimu Ghusun. Sijui kusoma. Nukta zinaniruka."

Alisema hivyo kama alivyozoea kueleza ugomvi wa majirani, kwa mpangilio, bila kutia chumvi, ili ijulikane nani mwenye kosa. Kisha akaongeza kwamba Shuruq anasoma vizuri sana, mtu asiwe na wasiwasi.

Hajjat Fidda alifumba macho. Shuruq akakaa chini pale pale aliposimama.

Mama Ghaith akatafuta mahali pa kuliweka lile jiwe, hakupata, akaliweka kwenye godoro, akakaa kando yake.

"Hicho chumba," aliuliza, bila kumtazama mtu, "mnachukua mpaka darasa la ngapi?"

"La sita," alijibu Bi Wijdan, ambaye kanuni humtoka mdomoni hata usingizini.

"Layan wangu yuko la nane."

Layan ni binti yake wa mwisho, anasoma shule ya upande wa juu. Sote tulimjua kama mtoto wa haya, asiyeitikia salamu, asiyekuja kwenye arusi za watu.

"Layan?" Hajjat alisema. "Si ulituambia ni haya tu?"

"Ni haya. Wewe usingeona haya? Darasa la nane, na jina la dawa hawezi kulisoma." Alijifuta uso kwa kiganja, akajipaka weusi wa zeituni mpaka kwenye paji. "Nilisema mkijua, hamtatupa Shuruq."

Wale wanawake wawili walitazamana. Nilitaka kupiga kelele. Barabara yenyewe haina upana wa kugeuza lori, na pande zake mbili kila mmoja amemfungia mtoto wake ndani ili mwenziwe asijue. Nilifungua mdomo niwaambie hivyo, Ghusun akanigusa goti.

Mama Ghaith alimgeukia yeye.

"Hunikumbuki," alisema.

"Nakukumbuka, Mama Ghaith."

"Alikuwa la pili. Shule yenu hii hii, kabla sijamhamisha. Ulikuja na mvua, unanieleza mambo ya nukta na unga. Nikakuambia mtoto wangu si mgonjwa, ni mvivu, nikafunga mlango. Ulikuja peke yako. Na mimi hata kahawa sikukupa."

Wasan ndiye aliyechukua kikombe kimoja kwenye sinia na kumpelekea kwa mikono miwili, naye akakipokea, hakunywa, akakishika tu.

"Yuko nyumbani saa hizi?" Ghusun aliuliza.

"Yuko. Yuko jikoni."

Ghusun alisimama. Alianza kutafuta viatu vyake kwenye rundo la viatu mlangoni, na kwa kuwa miwani ilikuwa imemteleza alivaa kimoja chake na kimoja changu. Bi Wijdan akasema kanuni ni darasa la sita, Mwalimu Ghusun, na tena huyo ni wa shule nyingine, tutaiambia nini ofisi ya elimu. Ghusun alikuwa ameshafika nje. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema sawa.

Nilimfuata nikichechemea na viatu visivyolingana, nikiwa nimekasirika kwa namna nisiyoweza kueleza nimemkasirikia nani. Mama Ghaith alitupita barabarani akikimbia, kikombe cha kahawa bado mkononi, akatangulia kufungua mlango wake.